Utani wa makabila: Mzaha wenye deni la kaburi

Na Mwandishi Wetu

KABURI lilikuwa tayari, jeneza limeshafikishwa makaburini na jua la saa kumi limeanza kulegea juu ya minazi ya Mbagala, jijini Dar es Salaam, pale mwanamume mmoja wa makamo alipoteremka shimoni, akajinyoosha chali na kutangaza kwamba hatoki. Alidai kuwa marehemu, Mnyamwezi aliyekuja mjini bila hata mkeka, hawezi kulala katika ardhi ya Wazaramo kabla hajalipa kodi ya pango.

Waombolezaji walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha sita, na marehemu alikuwa baba yangu mkubwa, aliyenilipia ada tangu nilipoanza shule. Kwa dakika kadhaa nilitamani kumvuta mtu yule kwa mguu. Aliyenizuia ni shangazi, dada wa marehemu, ambaye macho yake yalikuwa bado yamevimba kwa kulia. Alinishika mkono, akafungua fundo la kanga, akatoa noti na kuirusha kaburini. Mtu yule aliitazama, akalalamika kwamba Wanyamwezi ni wabahili hata kwa wafu wao, akataka nyingine. Baada ya noti ya tatu alitoka, akajipangusa mchanga, kisha yeye ndiye akawa wa kwanza kurudi shimoni kuupokea mwili.

Jioni ile nilielezwa kwamba ndiye aliyeamka alfajiri kulichimba kaburi lile lile. Yeye na wenzake ndio waliotafuta mbao, wakachota maji ya kuoshea na kupeleka habari kwa jamaa waliokuwa mbali. Fedha alizotoza makaburini zilinunua mchele na sukari ya matanga. Ukweli usemwe, noti moja alibaki nayo, na hakuna aliyemuuliza.

Katika mazungumzo ya kila siku, neno utani limekuwa likitumika kwa maana ya mzaha tu. Maana yake ya kijadi ni nzito zaidi. Ni uhusiano wa kurithi baina ya watu, koo au makabila, unaowapa wahusika haki ya kudhihakiana bila kukasirikiana, na wakati huo huo kuwabebesha wajibu wa kusaidiana, hususan penye kifo. Haki hiyo na wajibu huo havitenganishwi. Anayetukana na asizike si mtani.

Mtoto huufahamu utani nyumbani kabla hajajua kuwa yeye ni wa kabila gani. Babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na bibi humlalamikia mjukuu wa kiume kwamba ni mume asiyeleta nyama. Mjukuu naye hujibu kwamba hamtaki mume asiye na meno. Maneno kama hayo mtoto hawezi kuthubutu kumwambia baba yake, wala mama hawezi kumwambia mkwewe. Mashemeji hutaniana, watoto wa mjomba na wa shangazi, yaani mabinamu, hutaniana pengine kuliko wote. Hivyo mtoto anapofikisha umri wa kwenda shule, tayari amekwisha kujifunza kwamba jamii ina watu wa kuogopwa na watu wa kutaniwa, na kwamba wote wawili ni ndugu.

Mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Uingereza, A. R. Radcliffe-Brown, aliandika mwaka 1940 kwamba makundi haya mawili ni majibu mawili kwa swali moja. Panapokuwa na watu waliounganishwa na jambo moja na kutenganishwa na jingine, kama vile mtu na ukoo wa mkewe, ugomvi hunyemelea wakati wowote. Jibu la kwanza ni heshima ya kupita kiasi: mkwe hupishwa njia, halitajwi jina lake, huliwi naye sahani moja. Jibu la pili ni kuruhusu dhihaka na kukataza hasira. Katika njia zote mbili ugomvi hukosa mlango wa kuingilia.

Maelezo hayo ni mazuri, lakini yanasahau kaburi. Watafiti waliokaa Tanganyika kwa muda mrefu hawakulisahau. J. B. Christensen, aliyeandika mwaka 1963 kuhusu Waluguru, na T. O. Beidelman, aliyeandika mwaka 1966 kuhusu Wakaguru, walionyesha kuwa katika milima ya Morogoro utani ulikuwa kwanza baina ya koo, na kazi yake kubwa ilikuwa msibani. Kwa imani za jadi, kifo huwaachia wafiwa mkosi ambao wao wenyewe hawawezi kuuondoa, kwa kuwa wamo ndani yake. Anatakiwa mtu wa karibu kiasi cha kuijali familia, lakini wa nje kiasi cha kutoguswa na mkosi wake. Mtu huyo ni mtani. Ndiyo maana watani ndio waliowatakasa wafiwa na kuwarudisha katika maisha ya kawaida, na ndiyo maana waliruhusiwa kucheka mahali ambapo wengine wote walitakiwa kulia.

Mwanamke mtani huvaa nguo za marehemu na kutembea kama alivyotembea, akachechemea kama alichechemea, akakohoa kama alikohoa. Wajukuu nao, ambao ni watani wa nyumbani, hushika jeneza na kukataa lisitoke mpaka walipwe. Kwa mgeni ni vurugu. Kwa mwenye msiba, ni mara ya kwanza siku hiyo kumwona tena marehemu akiwa mzima.

Kutoka ngazi ya ukoo hadi ngazi ya kabila, utani ulisafiri kwa miguu. Katika karne ya 19 maelfu ya Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wapagazi wa misafara iliyobeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo na sehemu nyingine za mwambao. Kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, hadi baharini ni takribani kilomita 800, safari iliyochukua hata miezi mitatu. Mpagazi aliyeugua homa njiani au aliyefia pwani hakuwa na ndugu wa kumwosha wala kumzika. Wenyeji wake, Wazaramo, Wakwere, Wadoe na wengineo, nao walipopanda bara kwa biashara walikuwa katika hatari hiyo hiyo. Utani ulikuwa mkataba usioandikwa: wewe nizike kwenu, nami nitakuzika kwetu, wewe ingia jikoni kwangu ule bila kuomba, nami nitafanya hivyo hivyo nikifika kwako. Dhihaka ndiyo iliyokuwa alama ya mkataba huo. Mgeni aliyefika kijijini na kumtukana mwenye nyumba kwa tabasamu alikuwa amejitambulisha ipasavyo.

Njia ya pili ilikuwa ya damu. Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitokea kusini, wakiongozwa na Zwangendaba, wakafika Ufipa, na baada ya kifo cha kiongozi wao wakagawanyika. Wengine walielekea kaskazini hadi Unyamwezi, wengine wakashika maeneo ya Songea. Huko kusini walipigana na Wahehe vita vikali katika miaka ya 1870 na 1880, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Leo Mngoni na Mhehe ni watani wakubwa. Wazee wa pande zote mbili hutoa maelezo yanayofanana: mliopigana na kushindwa kumalizana hamna budi kutaniana. Kila upande hudai kwamba ndio uliokuwa ukishinda, na madai hayo hutolewa kwa sauti kubwa zaidi penye pombe ya mtama au ulanzi.

Wakoloni waliukuta utani na kushangaa. R. E. Moreau, aliyechapisha mwaka 1944 uchunguzi kuhusu utani katika Tanganyika, aliorodhesha makabila mengi yaliyofungwa na uhusiano huo, na ikadhihirika kuwa wengi waliokuwa na watani tele ni wale waliosafiri na kupigana sana: Wanyamwezi, Wazaramo, Wangoni. Waliojikalia kwao hawakuwa na watani wengi. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, iliua misafara ya miguu lakini haikuua utani. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yaliwakusanya manamba kutoka kila upande, na katika kambi zile swali la nani atamzika nani lilirudi upya. Katika miaka ya 1970, Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alisimamia ukusanyaji wa habari za utani kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Kazi hiyo inastahili kujulikana kuliko inavyojulikana.

Sasa tujiulize, jambo hili linahusianaje na taifa?

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, ilirithi makabila zaidi ya 120 na mipaka iliyochorwa Ulaya. Mwalimu Julius Nyerere, katika hotuba aliyoitoa Desemba 10, 1962 akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, akieleza kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu tu. Mwaka uliofuata mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza mtu kabila lake. Kiswahili kilifanywa lugha ya shule za msingi na ya serikali, na vijana walipelekwa shule za bweni na Jeshi la Kujenga Taifa mbali na kwao.

Kwa mtazamo wa haraka, sera hizo zilikusudia kabila lisahaulike. Kilichotokea ni tofauti kidogo. Kabila halikusahaulika, lilinyimwa kazi zote isipokuwa chache, na mojawapo ya kazi lilizobakiziwa ni utani. Katika bweni la Tabora au kambi ya JKT, kijana Mpare aliyekutana na Mchaga hakuwa na ardhi ya kugombania wala kiti cha uchifu. Alikuwa na hadithi ya Mchaga anayedondoshewa sarafu sikioni ili ijulikane kama kweli amekufa, na mwenzake alikuwa na hadithi ya Mpare anayeuza ng'ombe kumi apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku mmoja. Wote wawili walisimulia kwa Kiswahili, mbele ya Mgogo na Mmakonde waliokuwa wakisubiri zamu yao. Kwa Watanzania wengi wa kizazi kile, hivyo ndivyo walivyoifahamu nchi yao: kwanza kwa kuchekwa, kisha kwa kuchekana.

Ingekuwa kosa kudai kwamba utani ndio ulioleta amani. Wapo wanaodai hivyo majukwaani, na dai hilo linavutia, lakini sera, lugha na mgawanyo wa makabila yenyewe, ambamo hakuna kabila lililokuwa kubwa kiasi cha kuyatawala mengine, vina uzito wake. Mchumi Edward Miguel, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2004, alilinganisha wilaya ya Busia, Kenya, na ile ya Meatu, Tanzania. Aliona kuwa upande wa Kenya mchanganyiko wa makabila ulidhoofisha michango ya shule za msingi, ilhali upande wa Tanzania mchanganyiko huo haukuwa kikwazo. Yeye aliyataja zaidi matunda ya sera za ujenzi wa taifa. Machafuko ya Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, yaliyoua watu zaidi ya 1,100, yaliwafanya wengi wasome upya hoja za namna hiyo. Utani, kwa maoni ya mwandishi huyu, haukujenga nyumba. Ulikuwa miongoni mwa matofali yaliyokutwa mahali pa ujenzi.

Ushahidi wa jinsi Watanzania walivyouzoea unaonekana hata penye viwanja vya mpira. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936 na kupewa jina hilo mwaka 1971, zingeweza kuitwa mahasimu. Vyombo vya habari na mashabiki waliziita watani wa jadi, na jina hilo limedumu hadi leo. Visiwani nako, katika Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, watu wa pande mbili huchapana kwa vigomba, kibanda huchomwa moto, kisha wote hula pamoja na kuuanza mwaka bila kinyongo. Huo hauitwi utani, lakini mantiki yake ni ile ile ya kugombana kwa ruhusa.

Sisi si peke yetu. Niger iliingiza desturi yake ya utani katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika ya UNESCO mwaka 2014, na nchini Mali ukoo unaoitwa kwa jina fulani humdhihaki mwenye jina jingine kama Mnyamwezi amfanyiavyo Mzaramo. Tanzania iliridhia mkataba wa UNESCO unaohusu urithi huo mwaka 2011.

Hata hivyo, desturi hii imo katika shida, na shida yake kubwa si kwamba watu wameacha kutaniana. Wanataniana kuliko wakati wowote. Simu ya mkononi humletea mtu kila asubuhi picha na video kuhusu Wahaya, Wasukuma, Wamasai na wengineo, zikiwa zimetumwa na mtu ambaye hamjui, asiye na utani na kabila hilo, na ambaye hatachimba kaburi la yeyote. Mtani wa zamani alimdhihaki mtu usoni, mbele ya mashahidi, akijua kwamba mwaka ujao atamzika au atazikwa naye. Anayetuma kwenye kundi la watu 200 hana deni. Amechukua haki akaacha wajibu, na kilichobaki kinafanana sana na ubaguzi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaharamisha matusi ya kibaguzi yanayotolewa kwa njia ya kompyuta, na hakuna kifungu kinachomkinga mtu kwa kusema alikuwa akitania.

Wanawake wana malalamiko yao, nayo ni ya haki. Utani wa mashemeji na mabinamu ulikuwa na maneno ya wazi ya kimapenzi, na mara nyingine mikono ilifuata maneno. Mipaka ilikuwepo: kila mmoja alijua mtani wake ni nani, na wakubwa walikuwa karibu. Leo mkubwa wa kazi humshika bega msichana aliyeajiriwa jana, na akikemewa hujitetea kwamba ni utani, bibie, mbona unakasirika. Huyo hana utani naye wa aina yoyote. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ina jina jingine kwa kitendo hicho.

Kwa upande wa dini, masheikh na wachungaji wengi hawapendi vituko makaburini, wakisema vinachelewesha maziko na kumwondolea maiti heshima. Wanasiasa, kinyume chake, wanaupenda utani mno. Kila kampeni mgombea hupanda jukwaani na kuanza kwa kuwaita wasikilizaji watani zake. Sijawahi kumwona akirudi na jembe.

Kinachoumaliza utani polepole zaidi ni mabadiliko ya maziko yenyewe. Mijini sasa zipo kamati za msiba, vyama vya kuzikana, maturubai ya kukodi, wapishi wa kulipwa na wachimba makaburi wanaojulikana bei zao. Yote hayo ni msaada mkubwa, na hakuna anayetamani kurudi kwenye shida. Lakini kila kazi inayolipiwa ni kazi ambayo mtani ameondolewa, na kijana wa Dar es Salaam aliyezaliwa na baba Mhehe na mama Mnyambo hajui tena amzike nani wala nani atamzika.

Nililifahamu hilo nilipopigiwa simu siku moja na kuambiwa kwamba yule Mzaramo aliyelala katika kaburi la baba yangu mkubwa naye ameaga dunia. Wazee wa upande wetu ambao wangestahili kwenda walikuwa wamekufa au wamerudi Tabora. Nilikwenda mwenyewe, nikiwa mtu mzima mwenye kazi na suruali iliyopigwa pasi, bila kujua la kufanya. Kaburi lilikuwa limechimbwa na vibarua. Watu walikaa kimya kwenye viti vya plastiki, wengi wakitazama simu. Mjane aliponiona hakunisalimu kwanza. Aliuliza kwa sauti watani wa mumewe wako wapi, kwani hataki azikwe kama mtu aliyeokotwa.

Wote waliokuwapo waligeuka kunitazama. Jeneza lilipoinuliwa nilikwenda nikasimama mlangoni, nikanyoosha mikono kuziba njia. Nilisema kwa sauti iliyotetemeka kwamba marehemu alimtoza baba yangu mkubwa kodi ya pango noti tatu, na kwamba hatoki mtu hapa mpaka nirudishiwe pamoja na riba. Vijana wake walitazamana. Kisha mama mmoja mzee alicheka, na mjane naye akacheka huku akilia. Nilidai shilingi elfu kumi. Mtoto wa kwanza wa marehemu alinipa elfu mbili, akaniambia salio nitalipwa siku watakapokuja kunizika, kisha akanipa nafasi upande wa mbele wa jeneza, tukaondoka nalo.